Kalamu za Mwalimu Kalinga

Mwanjelwa, Mbeya
9 Machi 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Rozalia hamjambo na mvua hazijawafungia ndani. Huku tuko wazima. Mama yangu, Bi Mwanakhamisi, anawasalimu sana. Anajiandaa na mfungo unaoanza wiki ijayo, na ameshaanza kunigombeza kwamba nitafunga huku nameza vumbi la plastiki.

Nina habari njema. Ningepiga simu, ila yako najua inalala kabatini. Chuo kimoja cha uuguzi hapa mjini kina mahafali mwezi wa sita. Mkuu wa chuo aliona kalamu yangu mkononi mwa daktari mmoja, akaulizia mpaka akafika kwenye chumba changu nyuma ya duka la baba mdogo Iqbal. Anataka kalamu sitini, kila muuguzi anayehitimu apewe moja. Zote ziwe za rangi moja, bluu yenye mawimbi meupe.

Sitini ni nyingi kwa mtu mmoja, Mwalimu. Nimekuwaza wewe kabla hata yule mama hajatoka mlangoni. Ni wewe uliyenifundisha kushika patasi pale chuoni Iringa, wakati darasa zima linacheka kwamba binti wa kujifunga mtandio amekuja kukereza miguu ya meza. Tangu ustaafu mashine yako ya kukerezea ipo bandani, na Mama Rozalia ameniambia unaipaka mafuta kila Jumamosi ingawa huitumii. Naomba tugawane. Thelathini wewe, thelathini mimi.

Humu ndani ya boksi kuna vipande thelathini vya plastiki ngumu ya akriliki, vibomba vya shaba vya kuingiza katikati, na vyuma vyote vya kalamu. Najua wewe ni mtu wa mbao. Akriliki haina nyuzi wala fundo, lakini ni kavu. Ukiikandamiza haichaniki kama mninga, inapasuka na kuruka. Itoboe taratibu isipate joto, na patasi iwe kali kuliko ulivyozoea. Tafadhali vaa hiyo ngao ya uso niliyoiweka juu kabisa.

Unaona, leo ni mimi ninayekufundisha. Utanisamehe.

Mwanafunzi wako,
Ruwaida


Tosamaganga
2 Aprili 2024

Mwanangu Ruwaida,

Kamwene. Marahaba, na salamu za Pasaka kutoka kwetu. Mfikishie Bi Mwanakhamisi salamu zangu, mwambie Mungu aupokee mfungo wake.

Boksi lilifika salama. Kwa siku tatu sikugusa kitu, nilikuwa nikivitazama tu vile vipande. Nimekereza mbao miaka thelathini na mitano, na mbao ukiikata inanukia: mkangazi una harufu yake, mninga una yake. Hii plastiki yako inanuka kama hospitali. Lakini inapoanza kuzunguka na kumenyeka, zile nyuzi ndefu za bluu zinadondoka hadi kwenye viatu, na chini yake rangi inatoka kama maji ya mto yaliyotulia. Nilisahau kwamba kazi inaweza kumfurahisha mtu namna hii. Mama Rozalia analalamika kwamba kuku wake wanazidonoa zile nyuzi.

Nakutumia kumi na mbili za kwanza. Nimezifanya kama nilivyokufundisha: nikimaliza napitisha ukucha pale plastiki inapokutana na chuma. Ukucha ukikwama, kazi haijaisha. Zilizobaki zitafuata mwezi wa tano.

Usishangae mwandiko. Mvua za wiki hii zimeleta baridi na vidole vinagoma asubuhi.

Sema ukweli kuhusu kazi, kama nilivyokuwa nakuambia wewe.

Mwalimu wako,
E. Kalinga


Mbeya
11 Aprili 2024

Mama yangu Rozalia,

Shikamoo. Barua hii nimempa Saulo wa vifurushi pale Ipogolo akukabidhi wewe mkononi siku ukishuka mjini na maharage. Naomba Mwalimu asiione.

Jana ilikuwa Idi. Watu wamejaa nyumbani, mimi nimekaa chumbani na kalamu kumi na mbili mbele yangu. Mama, si kalamu za Mwalimu Kalinga. Hazina mviringo, ukizizungusha vidoleni unahisi zimebonyea upande. Pale kwenye chuma pana ngazi, si ukucha tu unaokwama, hata ngozi ya kidole inakwama. Mbili zina ufa. Moja patasi imezama mpaka shaba ya ndani inaonekana, na amejaribu kuuziba ule mwanya kwa gundi. Yeye, ambaye kazi ya namna hiyo angeirusha ukutani.

Nilidhani ametuma kwa makosa zile za kujaribia. Ila kila moja ameifunga kwenye karatasi laini na kuandika namba.

Mama, Mwalimu anaumwa nini? Bado sijamjibu.

Ruwaida


Tosamaganga
16 Aprili

Binti yangu Ruwaida,

Marahaba. Barua nimepata. Nimeisomea sokoni, nimerudi nayo ndani ya kitenge.

Ni mkono. Ulianza mwaka jana wakati wa kuvuna, mkono wa kulia. Akishika kikombe chai inamwagika. Mwanzo alisema ni baridi. Baadaye ukawa unatetemeka hata akiuweka mapajani, hata akiwa kanisani. Tukaenda hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, jina lake refu mimi sikulishika. Akasema hauponi. Kuna vidonge vya kuutuliza, ameze kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Mwalimu alinikamata mkono njiani tukirudi, akasema, Rozalia, Ruwaida asijue. Mtu yeyote ajue, lakini si Ruwaida.

Mwanangu, nikuambie jinsi alivyokuwa kabla boksi lako halijaja. Alikuwa anakaa kitandani mpaka saa nne. Nikimwambia twende shamba anasema nitakuja, haji. Alikuwa hanyoi ndevu. Siku ile boksi lilipofika alinyoa mwenyewe, akajikata mara mbili, akavaa koti lake la chuoni, akaenda bandani. Sasa anaamka kabla yangu. Namsikia anapiga mluzi.

Nakuomba kama mama yako mzazi. Usimwambie. Msifie tu. Hizo mbaya zitupe, tengeneza nyingine wewe, yeye atajuaje? Yuko huku, hao manesi wako huko.

Ukimwambia atarudi kitandani, na safari hii sitaweza kumtoa.

Mimi mama yako,
Rozalia


Mbeya
20 Aprili 2024

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa, Idi ilitujazia nyumba.

Kalamu zimefika. Ulisema niseme ukweli. Ukweli ni kwamba nilipozifungua nilikaa nazo muda mrefu. Zile nyingine thelathini itabidi nijitahidi zisiaibike zikiwekwa pamoja na zako. Mkuu wa chuo alipita juzi, nikamwonyesha, akachukua moja akaandika jina lake mara tatu, akasema mkono uliofanya hii ni wa fundi wa zamani. Nikamwambia ndiyo, ni mwalimu wangu.

Endelea na zilizobaki, usijichoshe. Na ngao ya uso usiisahau.

Ruwaida


Tosamaganga
16 Juni 2024

Mwanangu Ruwaida,

Kamwene.

Barua yako ya Aprili nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Ya Mei, uliyosema zile kumi na nane zimefika na ni bora kuliko za kwanza, nimempa Padre aisome. Sikupanga kumpa, ila alikuja kututembelea na barua ilikuwa mezani.

Sasa naweza kukuambia jambo. Mwaka jana nilikuwa na hofu fulani kuhusu afya yangu ambayo sikukuandikia. Watu wazima, tena wasomi, walinitia hofu hiyo. Nilikaa nayo kama mtu aliyepewa hukumu. Nilipoanza kazi yako nilijiambia: Ruwaida ana jicho, mimi ndiye niliyempa jicho hilo. Kama kuna kasoro mkononi mwangu ataiona yeye kabla ya daktari yeyote, naye hajui kunificha. Nikakaa nasubiri barua yako kama mtuhumiwa. Ilipokuja, ile hofu niliitupa pamoja na dawa zake. Nakuambia ili ujue umenifanyia nini.

Mahafali yamepita? Wale wauguzi wanaziandikia? Ningependa kujua wanaandika nini nazo. Labda joto la mgonjwa, labda jina la mtoto aliyezaliwa.

Nina nafasi sasa. Kama kuna kazi nyingine nitumie, hata iwe ngumu zaidi. Nimeongeza mwendo wa mashine, plastiki inapenda mwendo. Ile ngao inapata ukungu nikipumua asubuhi za baridi hii, nimeitundika kwenye msumari. Mkono ukiwa na uhakika, uso hauna cha kuogopa.

Mwalimu wako,
E. Kalinga


Mbeya
24 Juni 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Mahafali yamepita vizuri mno. Muuguzi mmoja wa Igowole alisema ataitunza kalamu yake mpaka astaafu.

Kazi nyingine ipo. Wakili mmoja hapa mjini anataka kalamu ishirini za rangi nyekundu nzito kwa ajili ya wageni wa ofisi yake. Hana haraka. Nakutumia vipande, fanya kwa nafasi yako, hata ukimaliza mwakani ni sawa. Nakuomba uvae ngao. Ukungu ukiingia, ifute uendelee. Na hiyo hofu uliyosema, na hizo dawa, Mwalimu, rudi kwa daktari umsikilize tena. Dawa si kitu cha kutupa kwa sababu ya barua yangu.

Ruwaida


Tosamaganga
8 Agosti

Binti yangu,

Nimejaribu kukupigia, simu yako haipatikani. Naandika ili Saulo aitume na basi la leo.

Juzi Jumanne, saa tatu asubuhi, nilikuwa napukuchua mahindi uani. Nikasikia mlio bandani kama mtu amevunja sahani. Mashine haikuzimika. Nikaita, Mwalimu, Mwalimu. Hakujibu. Niliingia nikamkuta ameketi chini, mgongo kwenye ukuta, amejifunika uso kwa viganja viwili, damu inapita kati ya vidole. Kile kipande chekundu kilipasuka kikiwa kinazunguka. Kibanzi chake kimoja kimeingia jicho la kushoto. Aliponyoosha mkono kutafuta pa kushika, akagusa mashine, vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatika.

Jirani yetu Philbert alitupeleka hospitali na pikipiki yake ya magurudumu matatu. Madaktari wamefanya walichoweza. Jicho limeondolewa.

Nilipokuwa natafuta kadi ya bima nikafungua kopo la skrubu. Vidonge vyote vimo. Vya Mei, vya Juni, vya Julai. Alikuwa ananyoosha mkono anavipokea mbele yangu kila asubuhi, kumbe anakwenda navyo bandani. Nilipomuuliza kitandani alinijibu hivi: Kama mkono ulikuwa mgonjwa, Ruwaida angeona.

Sijui nikuambie nini, mwanangu. Njoo.

Rozalia


Mbeya
30 Agosti 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Mama Rozalia atakusomea barua hii, usilichoshe jicho lililobaki. Nimemwomba aisome yote, asiruke.

Nilipokuja hospitali nilikaa siku mbili pembeni yako na sikusema nililokwenda kusema. Uliniuliza, "Wale wauguzi bado wanaziandikia?" Niliinuka nikasema naenda kukuletea maji. Nilisimama kwenye korido na kikombe kitupu mpaka mama mmoja wa usafi akaniuliza kama nimefiwa. Nilirudi nikakuambia, "Pumzika kwanza, Mwalimu." Ukasema, "Nimepumzika tangu Jumanne, sasa nijibu."

Nakujibu leo. Hakuna muuguzi hata mmoja anayeandikia kalamu yako. Zote thelathini ziko kwangu ndani ya kabati, kwenye karatasi zako zenye namba. Hazikuwa na mviringo na hazikuwa zimekaa kwenye chuma. Niliona tangu ya kwanza. Zile sitini nilizikereza zote mimi. Mkuu wa chuo hakuandika jina lake mara tatu. Hajawahi kushika kalamu yako.

Na wakili hayupo. Hakuna aliyeagiza kalamu nyekundu. Uliomba kazi, nikaogopa kwamba nikikosa kukupa utajiuliza kwa nini. Nikanunua vile vipande ishirini nikabuni mteja. Jicho lako limekwenda kwa kazi ambayo haikuwa ya mtu.

Uliponiandikia kwamba umetupa dawa, nilielewa. Ningeweza kupanda basi asubuhi yake nikakuambia kila kitu. Badala yake nilikuandikia mistari miwili ya ushauri, chini ya uongo mwingine, nikajiona nimefanya wajibu wangu.

Hakuna mtu aliyeniambia nifanye hivi. Niliona mwenyewe, nikaamua mwenyewe. Nilidhani nakuheshimu.

Siombi unisamehe. Nilitaka tu uisikie kutoka kwangu.

Ruwaida


Tosamaganga
15 Septemba 2024

Ruwaida,

Anayeandika ni mke wangu. Nimemwambia asiongeze wala kupunguza neno.

Barua yako nimesomewa mara moja, inatosha.

Unakumbuka mwaka wako wa kwanza chuoni. Ulileta mguu wa kiti, umeukereza wiki nzima. Niliuchukua nikaupitisha mbele ya darasa, nikasema huu ni kuni, nikaurusha kwenye rundo la kuni. Ulilia. Wenzako walicheka. Kesho yake ulikuja kabla ya mtu yeyote, ukasimama mbele ya mashine ukaniambia, "Nionyeshe nilipokosea." Siku hiyo ndiyo nilijua wewe ni fundi. Nisingekuambia ule ni kuni, leo usingekuwa na chumba Mwanjelwa.

Mimi pia nilikuwa na haki ya kuambiwa ni kuni.

Ningelia. Labda ningerudi kitandani. Labda ningekaa huko mwezi, miwili. Lakini ningekuwa nimelala na macho mawili na vidole kumi na dawa yangu tumboni, na ningejua mimi ni nani. Wewe uliniacha nipige mluzi. Uliniacha nimpe Padre barua yako. Nilijisifu mbele ya watu kwa mkono uliokwisha kufa, na wewe ulijua, ukaniongezea kazi ili niendelee kujisifu.

Unasema ulidhani unaniheshimu. Mtu aliyezeeka unamheshimu kwa kumpa mchezo, kama mtoto?

Nimeishi na Rozalia miaka thelathini na minane. Yeye ni mwanamke wa shamba, hajui kusoma kazi ya fundi, lakini hajawahi kunificha jambo. Ndiye niliyebaki naye.

Mashine nimeitoa, fundi Eliezeri wa Kilolo amekuja kuichukua. Zile kalamu thelathini zitupe. Usiniandikie tena na usije.

E. Kalinga


Tosamaganga
17 Novemba

Binti yangu Ruwaida,

Naandika nikiwa sokoni, nimekaa juu ya gunia. Nyumbani siwezi, anasikia mlio wa karatasi.

Ile barua ya Septemba niliiandika mimi kwa mkono wangu. Alipofika pale aliposema mimi sijawahi kumficha jambo, nilisimamisha kalamu. Akauliza, umeandika? Nikasema nimeandika. Akasema, soma nisikie. Nikasoma.

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Ni mimi niliyekuomba. Wewe uliuliza tu anaumwa nini. Ni mimi niliyesema msifie, zitupe, atajuaje. Halafu wewe ukaandika kwamba hakuna aliyekuambia. Nilimsomea maneno hayo na sauti yangu mwenyewe, nikanyamaza. Mungu ananiona.

Nilitaka kumwambia. Nilipanga nimwambie siku ya Watakatifu Wote tukitoka kanisani. Lakini sikiliza, mwanangu, jinsi alivyo sasa. Mkono wa kushoto nao umeanza. Kutembea anaburuta mguu. Hamwamini mtu. Daktari akimwambia kidonge hiki ni cha hivi, anageuza uso. Anasema na hao wanaona huruma, wanasema lolote. Nesi akimpa hapokei. Mimi nikikiweka mdomoni mwake ananiuliza, Rozalia, hiki ni nini? Nikimwambia, anameza. Mimi tu. Uji anakunywa kwangu tu. Padre alipokuja na komunyo, Mwalimu aliniangalia kwanza mimi.

Nikimwambia leo, kesho atameza kwa nani?

Na nisipomwambia anakufa akiamini wewe ndiye uliyemfanyia. Wewe uliyekuwa kama mtoto wake. Jina lako halitajwi ndani. Juzi nilisikia mtangazaji wa redio anaitwa jina hilohilo, akaniambia nizime.

Mimi si msomi. Nimefika mwisho wa akili yangu. Niambie nifanye nini, nami nitafanya utakavyosema.

Rozalia


Mbeya
1 Desemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako aliyoituma Saulo niliipata wiki iliyopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila siku nilikuwa naandika jibu tofauti.

La kwanza lilisema mwambie. Niliona yeye mwenyewe ametufundisha: alisema alikuwa na haki ya kuambiwa, na haki hiyo haijaisha kwa kuwa amekasirika. Niliifunga bahasha, nikafika nayo stendi mpaka kwenye dirisha la vifurushi. Yule dada akaniuliza, "Ndani kuna nini?" Nikageuka nayo nyumbani.

Nilimweleza mama yangu. Aliniuliza swali moja tu, "Nani anamvisha shati?" Nikasema Mama Rozalia. Akarudi kuchagua mchele wake.

Basi usimwambie, Mama. Najua hili ni lilelile tulilomfanyia mwanzo, na akilijua atatulaani sote wawili kwa haki. Natafuta njia ambayo si uongo na siioni. Ungekuwa na mtu mwingine wa kumpa dawa ningekuambia vingine. Mwache anichukie mimi. Mimi niko mbali, chuki yake inanifikia kwenye karatasi tu. Wewe ingekukuta mezani na kitandani, halafu kidonge kingebaki mkononi mwako.

Kazi naendelea nayo kwa sababu sijui nyingine. Mteja akinisifia simwamini. Jana mwanamke mmoja aliishika kalamu yangu akasema ni nzuri mno, nikamwomba anionyeshe kasoro. Alitafuta, hakuona, nikamsisitiza atafute tena, mpaka akaiweka mezani akaondoka bila kununua.

Siku yake ikifika usinitumie ujumbe wa kuja. Nisimame wapi, na watu wa kwenu wanajua nilichofanya? Niambie tu baadaye, ukipata nafasi.

Barua hii isome uichane hapohapo sokoni, usiingie nayo nyumbani. Na jioni, ikitokea akakuuliza kama Ruwaida ameandika, mwambie hapana, hajaandika.

Mwanao,
Ruwaida